Vipimo safi vya dada Mwajuma

Ninaandika, kwa idhini ya dada yangu Mwajuma, kuwaomba mnisaidie kuzuia asifukizwe.

Leo asubuhi nilimpeleka hospitali.
Akivuta moshi wa ubani au wa dawa ya mbu, au harufu ya sabuni ya kudekia, kifua humbana na kichwa humzunguka.

Daktari alisoma majibu, akasema, "Vipimo ni safi. Hali hii haina kipimo chake. Tunaitambua kwa maelezo ya mgonjwa. Aepushwe na harufu kali."

Tulipofika nyumbani kwa dada, mtaa wa Ipuli, nilimwamkia mama mkwe wake, kisha nikatanguliza habari niliyodhani ni njema: vipimo ni safi.

Nilikosea hapo.

"Safi?" akasema. "Basi si ugonjwa, mwanangu. Anayekataa ubani si yeye, ni aliyemo ndani yake. Jumamosi tutamfunika shuka pamoja na chetezo cha ubani mpaka huyo aseme jina lake."

Nikaanza kufafanua. Hakunisikiliza tena. (Ninyi mngemjibu nini?)

Dada aliniambia taratibu, "Nikifunikwa, sitatoka mzima."

Mumewe amekubali kutusikiliza. Mnaoheshimiana naye, tukutane kwao Ijumaa, saa kumi jioni. Tafadhali, msijipake manukato.