Uwanja Uliosafishwa kwa Ajili ya Mgeni

Editha alikosea jambo moja tu: alipiga simu kabla ya kwenda. Lakini angefanyaje? Kwa mtu mzima huingii kama mwizi. Kwa hiyo alimwambia Mzee Athanas, fundi mwenye gereji Mwembesongo, kwamba kesho angepita na wenzake wa chuo kuchukua tena udongo wa uwanjani kwake.

Udongo wenyewe ulikuwa mweusi kwa oili chafu ya miaka mingi, na ndani yake waliishi bakteria wanaokula mafuta. Gereji nyingine za mjini alizijaribu, zikampa wavivu watupu. Wa Mzee Athanas walikuwa walafi. Kisha friji ya maabara ikaharibika, ukungu ukavamia sahani zote alimowakuza, na zamu yake kwenye mashine ya kusoma vinasaba kule Dar imekaribia. Ikimpita, hapati nyingine. Na huko bondeni, kwenye bustani iliyoingiwa na mafuta ambayo Editha alitaka bakteria hao wayale, mama yake bado anang'oa mchicha unaonuka dizeli, akilaumu mbegu.

Alipoingia getini na wenzake, alisimama ghafla. Uwanja ulikuwa mwekundu, kifusi kipya kimeshindiliwa na maji yamenyunyizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Niwakanyagishe uchafu wageni wa chuo, mimi? Nimeukwangua wote, lori limekwenda kuumwaga."

"Wapi?"

"Dereva ndiye anajua, na simu yake haipatikani. Karibu kiti."

Editha alikunywa soda aliyopewa, na kila funda lilikuwa chungu. Alitaka kulia. Utamgombezaje mtu aliyekuheshimu namna hii? Akageuza uso asionekane machozi, ndipo akaona, nyuma ya pipa, buti za kazi zilizoganda matope meusi hadi kwenye kamba.

Mzee alifuata macho yake, akaona haya. "Samahani, mwanangu, hizo nilizisahau." Akazinyakua, akakimbilia bombani.

"Usizioshe!"

Mafundi wote waligeuka. Binti amemfokea mtu wa umri wa baba yake. Buti moja ilikuwa tayari inachuruzika maji. Editha alimpokonya ya pili, akapiga magoti kwenye kifusi, akaikwangua soli kwa kijiko cha maabara, akiomba radhi mfululizo. Mzee alisimama na ile nyingine mkononi, asielewe kosa lake.

Alipomaliza zamu yake kwenye mashine, Editha alimpigia simu kutoka Dar.

"Mzee, wamesomeka!"

"Nani?"

"Wadudu wako wala mafuta. Wale wa kwenye buti."

Mzee aliutazama uwanja wake mwekundu.

"Basi siku nyingine ukija, mwanangu," akasema, "usiniambie."