Terere Iliyokataa Dawa

Mvua ya kwanza tulipopanda soya hapa Rapsu, dawa ya magugu ilifanya kazi vizuri mpaka mume wangu akaanza kuisifu kwa majirani. Tulikuwa wafugaji, sisi. Ukame ulitumalizia ng'ombe, tukapewa kipande cha shamba kando ya mfereji, tukajifunza kushika jembe tukiwa watu wazima. Kwa hiyo dawa inayoua magugu na kuiacha soya ikisimama tuliiona kama baraka.

Tukainyunyiza msimu baada ya msimu, ile ile. Kisha mwaka mmoja nikapita shambani baada ya kupulizia, nikakuta magugu mengine yamekauka, lakini terere, ule mchicha wa mwitu, imesimama kijani kabisa.

"Tuongeze dawa," mume wangu akasema.

Tukaongeza. Soya ikawa manjano. Terere ikanipita kiuno.

Mwenyekiti wa kamati ya maji akaja. Shamba lake liko juu ya letu, mfereji unaanzia kwake. Hakuketi.

"Mama, magugu yako yanawachafulia watu mashamba. Mwachie mwenye nguvu."

"Silitoi."

"Basi mwambie mume wako nataka kuongea naye."

"Jina lililoandikwa kwenye karatasi ya shamba ni langu, Mwenyekiti. Ongea na mimi."

Akaondoka bila kuaga. Mume wangu, aliyekuwa amesikia yote, aliniambia tumechoka, tuachane na kilimo, turudi kwa mbuzi.

Mimi nikamwita afisa wa kilimo kutoka Kinna. Aliinama, akang'oa terere moja, akaangalia magugu yaliyokauka pembeni yake.

"Terere hizi zimeizoea dawa," akasema. "Zilizopona ndizo zinazozaa, na watoto wao pia hawafi. Ukiendelea na dawa hii unazichagulia mbegu sugu. Zing'oe kabla hazijakomaa, uzitoe nje ya shamba. Msimu ujao panda mahindi, ubadilishe na dawa. Ukirudi kwa soya, sogeza mistari karibu karibu ili majani yafunike udongo mapema."

"Kung'oa shamba lote kwa mikono?"

"Pole, mama. Kwa mikono."

Nikaanza asubuhi iliyofuata. Mizizi ya terere haitoki kirahisi kwenye udongo mkavu. Viganja vyangu vilichubuka mpaka nikavifunga kwa kitambaa. Wapita njia walinicheka, wakaniuliza kama napika mboga ya kijiji kizima. Mume wangu alinitazama kutoka mlangoni. Kisha akaja na magunia, akaanza kubeba nilichong'oa, tukakichoma kwenye shimo.

Tulipofika ukingoni niliona kitu. Kando ya mfereji, upande wa mwenyekiti, terere ilikuwa imejaa mbegu, na kila maji yakifunguliwa mbegu zilielea mpaka kwangu. Nikachukua panga, nikavuka.

Nilikuwa nimefyeka kipande kizuri alipotokea.

"Nani amekuruhusu kuingia shambani kwangu?"

"Mbegu zako zinaingia kwangu kila wiki, Mwenyekiti. Hazijawahi kubisha hodi."

Mume wangu, aliyekuwa amenifuata, alinishika mkono, nikautoa. Niliendelea kufyeka, yeye mwenyekiti amesimama pale pale, mpaka kipande chote cha mfereji kikawa safi. Mwishowe alisema tu, "Usiguse soya yangu." Nikamwambia sina haja na soya yake.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa duni, siwezi kudanganya. Msimu uliofuata tulipanda mahindi, kisha soya tena, mistari imebanana. Terere bado huchipuka mvua ikinyesha, lakini sasa ni ya kung'oa kabla ya chai. Mwenyekiti hunisalimia salaam aleikum kwa ufupi, nami huitikia kikamilifu. Mfereji wake hufyekwa. Ni nani anayeufyeka, sijawahi kumuuliza. Shamba halijatoka mikononi mwangu, na halitatoka.