Mashine Iliyogoma Kujibu

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ya themanini ambayo haijanitoka, nikiwa karani kijana katika ofisi ya madini kule Geita. Tulikuwa na kompyuta moja tu, tukiifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya maharusi. Ndani yake kulikuwa na chipu ya pili ambayo kazi yake ilikuwa hesabu peke yake. Namba zilitoka kwenye kumbukumbu ya mashine, zikapelekwa kwenye chipu hiyo, nayo ikarudisha jibu hujameza mate. Kasi ilikuwa nayo, macho haikuwa nayo. Ukiipelekea namba mbovu, ilikupa jibu la uongo kwa kasi ileile.

Asubuhi hiyo kaka yangu Masanja aliingia ofisini na matope hadi magotini. Yeye na wenzake walikuwa wakichimba duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, jirani na handaki la enzi za wakoloni lililojaa maji. Walitaka kujua umebaki umbali gani kulifikia. Wakilitoboa, maji yangewamaliza wote. Vipimo tulikuwa navyo, nikaviingiza.

Kompyuta ikasimama katikati ya kazi, ikaandika kwamba kumbukumbu ina hitilafu. Kila namba iliyohifadhiwa mle iliwekewa alama ndogo ya kuishuhudia. Namba ikisomwa, shahidi wake akakataa, mashine hugoma. Tuliiwasha upya, ikagoma tena.

Deo, fundi wetu, akasema upo uwezekano wa kuuzima ule ukaguzi ili hesabu imalizike. Masanja akadakia kwamba wenzake wanasubiri duarani. Nami, kwa kumhurumia kaka yangu, nikamwomba mkuu wetu, Mzee Lushinge, aturuhusu.

Mzee hakupandisha sauti. Alimgeukia Masanja.

"Ukiwa chini ukasema vuta kamba, wa juu anafanya nini kwanza?"

"Anarudia neno langu, baba. Nikiitikia, ndipo anavuta."

"Na asiposikia vizuri?"

"Havuti. Anauliza tena."

"Basi na hii imeuliza." Kisha akaniangalia mimi, akaniita mwanangu kwa Kisukuma. "Ng'wanawane, mashine inakwambia haikumbuki vizuri. Wewe unataka ijibu hivyohivyo?"

Nilikasirika, sikufichi. Masanja aliondoka amenuna, ameamriwa asishushe mtu duarani mpaka tumwite. Deo aliagiza chipu nyingine za kumbukumbu, zikaja na basi kutoka Mwanza, akazibadilisha. Tukapiga hesabu, tukairudia, majibu yakafanana. Ukuta uliobaki kati ya kaka yangu na yale maji haukufikia urefu wa mpini wa sururu. Masanja alipoambiwa alikaa sakafuni. Nami nililia mbele ya watu.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanangu, ukitumwa neno, lirudie kwa aliyekutuma kabla hujalifikisha. Ukisahau, sema umesahau. Kuuliza si ujinga. Na mtu akikwambia hana hakika, usimzibe mdomo kwa sababu una haraka. Wenye haraka siku ile tulikuwa watatu, na sote tulimpenda Masanja, yeye mwenyewe akiwemo.

Mungu akupe akili nyepesi, mwanangu, na akuzungushie watu wasioona haya kukusimamisha.