Mshipi Mweupe kama Maji

Ulikuwa mwaka wa njaa, wa ugali wa njano na mlenda. Mchana mlenda, jioni mlenda. Mama yangu, ambaye hakuna mwanamume aliyemshinda kuvua pale kwenye mawe ya ziwani, akanishika mkono hadi duka la ushirika kuchagua mshipi wa nailoni wa kuvulia. Akaupitisha midomoni: hauna mkwaruzo. Akafunga fundo, akavuta: halikuteleza.

"Huo mweupe kama maji, mama. Samaki hauoni," muuzaji akajisifu.

Mama akauinua juani. "Na mimi siuoni. Siuchukui."

Nikachanganyikiwa. Mbona mimi niliuona wote? Tukarudi kwenye mlenda.

Leo mjukuu kaniletea mshipi kutoka Nansio. Nimeupitisha midomoni; una harufu ya duka lile. Nimeuinua juani, nikaugeuza, nikaugeuza tena: naona jua tu.

"Samaki hauoni huo, bibi."

"Na mimi siuoni. Siuchukui."