Kijiti cha Shaba cha Foki ya Albertine

Albertine wa mtaa wa Bel-Air hakuwa muntu wa kulia mbele ya bantu. Marehemu bwana yake, Chomba, alikuwa fundi wa kuyeyusha shaba, akamuachia mashua ndogo ya mashindano, ile ya kuendeshwa kwa mbali, kutoka ukingoni, na telekomande. Chomba naye alikuwa muntu wa Katanga kabisa: kwake kila kitu shaba. Hata kijiti cha chini cha foki, lile tanga dogo la mbele, alikitengeneza kwa bomba ya shaba, akakisugua mpaka kikang'aa.

Kizuri, ndiyo, lakini kizito. Siku ya mashindano, kule ziwani Kipopo, upepo ulilegea, foki ikakataa kugeuka, mashua ikasimama katikati ya maji. Ikabidi ivutwe na mtumbwi, bantu wanacheka. Hapo Léonard, mdogo wa marehemu, akapata maneno kwa shemeji yake. Kwetu muntu akifa, ndugu zake hawachelewi kuangalia vitu vyake.

— Mulamu, hii bwato iko ya famille. Dimanche kama haifike yenyewe, miye nabeba.

— Utabeba siku nitakufa. Na siku hiyo anza na masufuria!

Nyumbani Albertine akaweka mashua juu ya meza, akaipuliza polepole kwa mdomo. Shaba haikutikisika. Akaitoa, akafunga mutete mukavu, lile tete la kandokando ya ziwa. Huo ulikuwa mwepesi, ila kikulabu cha kuushikisha na mashua kilikaa kwenye ncha ya mbele kabisa, uzito wote ukabaki nyuma. Akiinamisha mashua, mutete unaanguka upande mumoja na kulala hapo.

Albertine anauza samaki wakavu wa Kasenga, mizani inashinda mukononi mwake. Akarudisha kikulabu nyuma kidogo. Sasa pua ya mutete, ile ncha ya mbele, ilitaka kitu cha kuilemea. Akafunga musumari, mwepesi mno. Akageuka, akaangalia ile shaba, halafu msumeno.

Delphine, jirani yake aliyekaa akimwangalia, akaruka kwenye kiti.

— Ya Albertine, dada yangu, usikate! Ile iko kazi ya mukono ya bwana yako!

— Mukono yake ilipenda kushinda. Haikupenda kukaa mu vitrine ya kuangaliwa tu.

Akashika msumeno. Meno yalipouma shaba, alifunga macho kidogo, halafu akaendelea mpaka kipande kikaanguka. Akakifunga puani mwa mutete. Akapuliza kama muntu anayepoza chai: foki ikaenda kushoto. Akapuliza tena, ikarudi kulia.

Jumapili, ile dimanche ya mashindano, upepo ukalegea palepale pa zamani. Foki ikaning'inia, ikasita. Bantu wakaanza kutafuta mtumbwi kwa macho. Albertine akashikilia telekomande. Mara foki ikageuka, taratibu, tanga kubwa likaifuata, mashua ikaja mpaka ukingoni. Ya tatu, lakini yenyewe.

Léonard mwenyewe akaingia majini kuitoa. Akagusa ile pua yenye kung'aa. Halafu:

— Mulamu, na ile shaba yenye ilibakia?

— Iko kwangu, Albertine akasema, akinyoosha mikono. Leta bwato yangu.