Waya ya Boma la Mbuzi

Miaka ya sabini nilikuwa daktari wa meno Isiolo, na nilichofundishwa hasa ni kung'oa na kuziba. Mama mmoja muuza maziwa wa mtaa wa Bulla Pesa alimleta binti yake, jino lake la chonge la juu limepanda juu ya jino la pembeni yake.

“Daktari, nasikia Nairobi wananyoosha kwa waya.”

“Mama, waya ni ya boma la mbuzi,” nikamcheka. Ukweli sikujua lolote kuhusu waya, na niliona aibu kusema. Nikaling'oa, jino zima lisilo na tobo.

Meno ya mbele yakahamia pengoni, tabasamu likaenda upande. Miaka baadaye yule binti alirudi peke yake, mtandio umeziba kinywa.

“Daktari, waya itasaidia sasa?”

Nikageuka kupanga koleo zangu za kung'olea, mpaka akainuka, akaondoka.