Mwendo wa Ndama Kutoka Amsterdam

Ile siku treni ilikataa kusonga katikati ya mashamba ya Ujerumani naikumbuka hata saa hii, Nashipai mwanangu, nikisonga ugali kwa hasira. Lakini hasira ya leo si ya treni. Ni yako.

Jana umekaa kwa ngazi za ploti hii ya nyumba za kupanga na marafiki zako wa shule. Mimi niko juu naanika nguo, nakusikia wazi: "Mathe alivuka Ulaya na treni, ati kama gunia ya viazi. Na ndege ziko!" Mkacheka mpaka mmoja wenu akapaliwa na maandazi yangu. Nilinyamaza kwa sababu mgeni hapigiwi kelele. Leo hakuna mgeni. Kwa hivyo kaa hapo usikie, na msichana mwingine yeyote anayefikiri mama yake alikuwa mshamba asikie pia.

Mimi si mzee. Niko na meno yangu yote, na mtungi wa maji bado naupandisha mpaka ghorofa ya tatu Kitengela hii yetu ya mifereji mikavu. Lakini aliyezaa ana neno la kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huu nitakuambia uchungu wake ulianzia wapi.

Ulianzia kwa sikio lako la kushoto.

Ulikuwa hujamaliza miaka miwili. Baba yako Wafula alikuwa mpishi kwenye meli kubwa ya abiria. Aliondoka nikiwa na mimba yako, akawa anakujua kwa simu tu. Ulikuwa unabusu kioo, unakilamba, kisha unashangaa mbona baba ana ladha ya plastiki. Halafu meli ikaingizwa bandari ya Genoa, Italia, kupakwa rangi, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuletewa familia. Jumamosi mchana ingetoka tena, na mkataba mpya ungemweka baharini mpaka uanze shule ya nasari. Tufike kabla ya Jumamosi, ama akukute tayari unajua kuandika jina lako bila yeye.

Tuliruka Nairobi mpaka Amsterdam, hapo tubadilishe ndege. Ile ndege ilipoanza kushuka ukashika sikio ukapiga nduru ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto, na mimi nimelala kwenye wodi za akina mama. Daktari wa uwanjani alichungulia ndani na kitochi chake, akaniambia Kiingereza polepole kama mimi ndiye kiziwi: kumevimba vibaya. Ukimrudisha angani kabla hakujapoa, sikio linaweza kupasuka, na likipasuka sikuahidi kwamba litasikia tena sawasawa. Akaweka dawa ya matone, akaziba na pamba. "Kuna treni," akasema.

Nikampigia baba yako.

"Mama Nashi, hiyo ndege ni masaa mawili tu. Mpe dawa ya homa alale, hatajua."

"Hatajua nini, Wafula? Sikio ni lake, si lako."

"Na mimi je? Jumamosi naenda!"

Nikamkatia. Usimnunie, alikuwa mtu mwenye njaa anaona sufuria ikibebwa. Lakini maneno yake yaliniingia. Nilikaa pale chini na sanduku langu nikiangalia watu wanakimbilia ndege zao, na kusema kweli, miguu yangu ilikuwa inawafuata.

Hapo ndipo nyanya yangu akapiga kutoka Mashuuru. Koko huwa hapigii mtu simu, hata akiwa mgonjwa. Mjomba wako alikuwa amemwambia.

"Takwenya," akanisalimu kwa lugha yetu.

"Iko, koko," nikaitikia.

Nilingoja pole. Sikupewa.

"Ukame ule tukihama kwenda upande wa Illasit, ndama akishindwa kutembea, nani alikuwa anasimama?"

"Ng'ombe wote, koko."

"Hata wenye kiu?"

"Hata wao."

"Na waliokuwa wanapiga kelele ya haraka, walikuwa wamebeba ndama?"

"Hapana. Walikuwa mbele na fimbo."

"Basi, waache na fimbo zao. Wewe ndiye umebeba. Na usinililie, simu ni ya jirani."

Ndiyo tukapanda treni. Na wewe unadhani treni ya Ulaya ni kukaa dirishani ukihesabu milima, kama kwenye kalenda! Mimi nilikuwa nabadilisha nepi kwenye choo kinachotingika, mguu mmoja nimekanyagia mlango. Tulibadilisha treni mji wa Cologne, na pale nje kuna kanisa moja refu jeusi ambalo watu wanalipia nauli waje kuliona. Sikuliona. Niliona saa ya stesheni tu, na ubao uliokuwa unahamisha treni yangu kutoka jukwaa hili kwenda lile, na mimi nakimbia na wewe mgongoni kwa leso, sanduku linanipiga visigino. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hakuna aliyesema ukiwa na mtoto mgonjwa utaona.

Halafu, baada ya Cologne, treni ikasimama. Hakuna stesheni, hakuna mji, kabichi tu. Sauti ikatangaza kitu, watu wakapumua kwa pua, wakarudi kwa simu zao. Mimi nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Ningeshuka nisukume.

Simu ikaita. Baba yako, sauti imepanda.

"Sikiza! Shuka Frankfurt, ndiyo stesheni inafuata. Nimewapatia viti vya ndege ya jioni. Leo leo mtoto alale kwangu!"

"Na sikio?"

"Si ametiwa dawa? Si amenyamaza?"

Ulikuwa umenyamaza kweli. Ulikuwa hata umetoka kwa kiti. Nikajiambia, amepoa. Usije ukaniambia haraka haraka haina baraka. Kuna haraka ina baraka yake, muulize mtu ambaye nyumba inaungua. Yangu ilikuwa inaungua. Nikashusha sanduku kutoka kwa rafu iliyokuwa juu ya kichwa changu, nikafunga mkoba, nikavaa viatu. Nilikuwa nimeamua, mwanangu. Nataka ujue hivyo.

Nikageuka kukuchukua.

Ulikuwa umesimama mbele ya mzee mmoja Mzungu mwenye nywele nyeupe, umeinamisha kichwa. Koko alikufundisha salamu hiyo hata kabla hujajua kutembea vizuri, na wewe ulishaiamini: mtoto anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja, ndiyo salamu imefika. Kiganja kisipokaa, mtoto haondoki. Sasa yule mzee angejuaje? Alidhani unaangalia viatu vyake. Akaviangalia na yeye. Akavirudisha chini ya kiti. Wewe bado kichwa chini. Akakupa biskuti. Hukuinua hata jicho. Mama mmoja upande wa pili akaanza kucheka, na mimi nikasikia damu ikinipanda: mtoto wangu anasalimia watu na watu wanamcheka!

Nikaenda pale, nikashika mkono wa yule mzee bila kumwomba ruhusa, nikauweka juu ya kichwa chako. "Hivyo," nikamwambia kwa Kiswahili, sikuwa na nguvu ya lugha nyingine.

Mzee aliuacha hapo. Akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka, akateremsha kiganja mpaka kwenye paji la uso, akaniangalia, akasema neno kwa lugha yake. Sikulijua. Nikaweka mkono wangu. Mwili wako ulikuwa unachemka kama sufuria. Hukuwa umenyamaza kwa kupoa. Ulikuwa umenyamaza kwa kuzidiwa, na hata hivyo ukaenda kusalimia.

Kichwa kimoja hakitoshi hekima, watu wetu wanasema. Siku hiyo changu hakikutosha hata kidogo. Kilikuwa tayari kiko Frankfurt.

Nikarudisha sanduku juu. Nikakupa dawa, nikakufunga kifuani. Treni ikasonga, ikafika Frankfurt, mlango ukafunguka, watu wakashuka, mlango ukafungwa. Simu ya baba yako ililia ndani ya mkoba mpaka ikachoka. Mzee wa biskuti alitubebea sanduku tulipokimbilia treni nyingine Basel, lakini hiyo nayo tuliikosa kwa kuchelewa, tukalala kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Sitasema nililala. Nilikuwa nakuwekea kitambaa cha maji huku nikitukana Jumamosi.

Lakini kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Tukashika treni ya Milano, kisha ya Genoa, na Jumamosi ikiwa bado asubuhi nikamwona baba yako kwenye jukwaa na suruali yake ya jikoni. Alikuwa ameruhusiwa dakika za kunywa chai, si zaidi. Akaweka kikombe chake cha chai chini, akapiga magoti, akafungua mikono. "Njoo kwa baba!"

Hukukimbia. Ulitembea mpaka katikati, ukasimama, ukainamisha kichwa kama kwa mkubwa yeyote.

Sasa huyo Wafula, wakati ananichumbia, alikuwa anaicheka salamu yetu. "Kwetu Webuye kichwa ni cha kubebea kuni." Siku hiyo hakucheka. Aliniangalia.

"Weka mkono," nikamwambia. "Hataondoka hapo."

Akauweka, unanuka kitunguu. Kisha akainama upande wa kushoto, upande wa pamba, akaita jina lako kwa sauti ndogo kabisa.

Ukageuka upande huohuo.

Akakaa chini hapo kwenye saruji, mtu mzima na kofia ya mpishi. "Ningekuwa nimeliharibu," akasema.

"Ungekuwa," nikamjibu. Kisha nikakaa kando yake, tukanywa hiyo chai yake watu watatu kwa kikombe kimoja. Meli ikaondoka mchana. Mimi na wewe tulibaki kule mpaka daktari aliposema sikio limepona, ndiyo tukaruka kurudi nyumbani. Mimi sina vita na ndege.

Basi sikia, mwanangu, kwa sikio hilohilo unalosikilizia nikifungua pakiti ya biskuti chumbani. Utakapobeba kitu kidogo, awe mtoto, awe mgonjwa, awe mzazi aliyezeeka, wenye fimbo watapiga kelele. Wengine watakuwa wanakupenda, na kelele ya anayekupenda ndiyo ngumu kuikataa. Kataa. Na kabla hujashusha sanduku lako, weka kwanza mkono kwa paji la uso la yule uliyembeba; usiamini kunyamaza kwake. Anayetembea mwendo wa ndama anaweza kuchelewa, lakini anafika na ndama.

Nimemaliza hasira. Baba yako ameketi hapo anajifanya anasoma simu, na nimemwona akijipangusa jicho. Enkai, Mungu wetu, akupe njia ndefu na masikio ya kuisikia. Akupe watu wa kukungoja hata ukichelewa, na pahali pasipokujua akupe mkono wa kukupokea.

Sasa njoo. Lete kichwa.